.22 au .17 kwa sungura wa mashamba ya Uingereza?

Kaka, umesema sungura wako wanakula pembezoni mwa shamba, mita 40 mpaka 60. Hapo chukua bunduki ya risasi ndogo ya .22 LR, usihangaike na .17 HMR, yenye risasi nyembamba na ya kasi zaidi. Tumia risasi za mwendo wa chini ya sauti, zenye ncha ya shimo, na ufunge kizuia sauti: ukipiga mmoja, sungura wengine hawashtuki sana. .17 ni kali, inanyooka hadi mita 100 na zaidi, ila risasi zake ni ghali na inaharibu nyama.

Kulenga darubini (kuirekebisha ili risasi ipige pale unapolenga): anza mita 25, bunduki ikiwa imelala juu ya begi, kisha malizia mita 50. Piga tatu, pima katikati ya kundi, ndipo uzungushe vifundo vya darubini. Usikimbizane na tundu moja. Klik moja ya kifundo, ya robo MOA (MOA ni kipimo kidogo cha pembe), inasogeza milimita 7 kwa mita 100, kwa 50 ni nusu yake. Ukishaiweka sawa mita 50, kwenye 75 risasi inashuka kama sentimita 8 au 9, kwa hiyo lenga juu kidogo au msogelee sungura. Ukibadilisha aina ya risasi, rekebisha darubini upya.

Halafu risasi ya .22 inadunda vibaya ikigonga jiwe au ardhi ngumu. Hakikisha nyuma ya sungura kuna kilima cha udongo. Kibali cha polisi na ruhusa ya mwenye shamba vitangulie.