Usibaki Ndani ya Basi

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako pamoja na ratiba ya hija uliyonitumia. Unauliza kwa nini safari ya kwenda Yerusalemu kusali imewekewa saa nyingi za soko, na kama itakuwa vibaya wewe ubaki ndani ya basi na rozari yako wakati wenzako wananunua. Tena umeniwekea na Maandiko: Bwana Yesu mwenyewe alizipindua meza za wabadili fedha.

Usibaki ndani ya basi. Kwanza basi lenyewe haliingii huko. Litawashusha nje ya kuta, zile alizojenga Suleiman, sultani wa Waturuki, kati ya 1537 na 1541, na kutoka hapo ni miguu tu, kwa kuwa mitaa ya Mji wa Kale ni myembamba na mingine ni ngazi tupu. Ukishapita langoni hutakuta mlango wa soko upande huu na mlango wa patakatifu upande ule. Katika vituo 14 vya Njia ya Msalaba, vitano vya mwisho vimo ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu, na tisa vya kwanza viko nje yake. Kituo cha saba, Yesu anapoanguka mara ya pili, kiko pale njia inapokutana na Suq Khan al-Zeit, mtaa wa soko uliojaa watu kuliko mingi mjini humo. Mtakuwa mnaitikia "Kwa kuwa umewakomboa watu kwa msalaba wako mtakatifu" huku kijana anawapigia kelele mpishe mkokoteni wake, na mwenye duka anamwita dada wa nyuma yako aje aone mitandio.

Wapo wanaoudhika hapo. Mimi naona ndivyo ilivyokuwa hata siku ile. Pasaka ilikuwa imekaribia, mji umefurika wageni na wanunuzi, na Simoni wa Kirene, Mwafrika mwenzetu kutoka pande za Libya ya leo, alikuwa mpita njia tu anayetoka shamba. Alishikwa akabebeshwa msalaba.

Soko hilo nalo lina umri wake, na ukiujua hutalipita kama kelele. Mtaa wa Khan al-Zeit umefuata mstari wa barabara kuu ya mji ambao Warumi waliujenga upya katika karne ya pili, enzi za Kaisari Hadriani. Mbele kidogo kuna vichochoro vitatu vilivyoezekwa, vinakwenda sambamba: wachinjaji, wauza viungo, na kile kilichokuwa cha masonara. Vilipata sura yake wakati wa Krusedi, vile vita vya msalaba, chini ya Melisende, malkia wa Yerusalemu, katika karne ya 12. Inua macho utazame mawe ya baadhi ya maduka, kuna herufi zilizochongwa kuonyesha kwamba kodi ya duka hilo ilikwenda kwenye kanisa la Mtakatifu Anna. Yaani kanisa ndilo lililokuwa mwenye nyumba! Na mahujaji wa zama hizo walinunua chakula kilichopikwa katika mtaa ambao wao wenyewe waliuita mtaa wa mapishi mabaya. Ukisikia mtu wa kikundi chenu analalamikia chakula, mwambie malalamiko hayo yana miaka mia tisa.

Sasa zile meza. Hujaji aliyetoka mbali hakuweza kuja na njiwa mkononi, hivyo alinunua alipofika. Yosefu na Maria wenyewe walitakiwa kutoa jozi ya hua au makinda mawili ya njiwa, Luka anasema. Na kodi ya Hekalu ililipwa kwa fedha ya Tiro, kwa hiyo wabadili fedha walihitajika. Kilichomkasirisha Bwana ni kwamba biashara ilikuwa imeingia katika uwanja wa Hekalu, mahali ambapo watu wa mataifa mengine ndipo waliporuhusiwa kuishia. Soma Marko 11:17 polepole, kwamba nyumba ile ilipaswa kuwa ya sala kwa mataifa yote. Na aliposema "pango la wanyang'anyi" alikuwa anasema juu ya kuwakamua wageni waliokuja kusali. Hilo usilisahau, maana lipo hata leo, ila halipo pale unapolitafuta wewe.

Litazame katika duka lile kubwa lenye maegesho ya mabasi na kiyoyozi, ambako mtashushwa wote mkiwa mmechoka na kuambiwa bei hapa ni ya uhakika. Mara nyingi kiongozi wa safari hupata kamisheni yake, na kamisheni hiyo iko ndani ya bei. Sisemi kila kiongozi ni mwizi, wengi mishahara yao ni midogo na watakufundisha mambo usiyoyakuta kitabuni. Lakini hapo ndipo uwe mgumu. Kunywa maji, nenda msalani, rudi kwenye kiti chako. Huko ndiko ruksa kukaa ndani ya basi.

Fedha yako itumie kwa mafundi. Bethlehemu kuna familia za Wakristo zinazoishi kwa kuchonga mti wa mzeituni, kazi ya vizazi vingi. Mipaka ilipofungwa 2020 walikaa bila mgeni, na mwishoni mwa 2023 vita vya Gaza vilipoanza, sherehe za Krismasi zilifutwa mjini mwao na mahujaji wakapotea tena. Ukinunua kwa fundi mwenyewe unamlipa jirani wa Pango la Kuzaliwa, na mimi siwezi kuita hiyo tamaa. Bei mnapatana. Taja yako kwa adabu, tabasamu, na ukikubaliwa usigeuke. Kuomba apunguze halafu ukaondoka bila kununua ni kumchezea mtu. Beba shekeli za noti ndogo, na ukumbuke kwamba Ijumaa kabla ya jua kuzama maduka ya Wayahudi yanafunga mpaka Sabato iishe.

Halafu utaona kitu ambacho ratiba haikiandiki. Ukiingia Kaburi Takatifu, mbele ya mlango kuna Jiwe la Kupaka Mafuta, la kukumbuka mwili wa Bwana ulivyoandaliwa kuzikwa. Lililopo sasa liliwekwa 1810, baada ya moto wa 1808, kwa hiyo usihangaike kubishana na anayesema ni lenyewe. Kina mama wanapiga magoti, wanafungua mifuko ya plastiki ya sokoni, wanatoa rozari, mishumaa, vitambaa, majina ya wagonjwa wakiyataja, na kuvipitisha juu ya jiwe kimoja kimoja. Vile vitu vilikuwa bidhaa nusu saa iliyopita. Nani alikuwa mtalii na nani hujaji hapo, mimi nilishindwa kuwagawa.

Umeandika pia kwamba ungependa kwenda peke yako siku nyingine, bila kuswagwa na bendera ya kiongozi. Ni kweli kikundi kinachosha. Mtamsubiri mzee mmoja chooni, mtamtafuta mwingine aliyepotelea kwenye viungo, na foleni ya kuingia Kaburini itakula asubuhi nzima halafu mmonaki awatoe baada ya dakika chache. Kwa Kaburi, dawa ni kutoroka alfajiri, kanisa hufunguliwa mapema sana. Mwombe padre mwende wawili watatu kabla ya chai. Lakini kwa kanisa la Mtakatifu Anna, lile lililopokea kodi za maduka, uende na kikundi chote hata kama wanakuudhi. Kuta zake za mawe zinashika sauti na kuirudisha kwa sekunde kadhaa, na mahujaji wa kila nchi huimba wimbo wao mmoja kisha kuwapisha wengine. Peke yako ungesimama ukasikiliza tu. Mkiwa arobaini wenye sauti nne, ni habari nyingine. Chagueni wimbo wa polepole, wa haraka unajigongagonga wenyewe humo.

Viatu viwe vyenye soli inayoshika, mawe ya mitaa ile yamelainika na mvua ikinyesha yanateleza. Mabega na magoti yafunikwe. Mimi niletee rozari tatu za mzeituni kutoka Bethlehemu, ya kwangu na za shangazi zako, na uzipitishe juu ya jiwe hata kama ni la 1810.

Mama yako