Kisigino cha asubuhi na kifundo kilichoteguka: Muganga anajibu wasomaji wa Goma

SWALI: Jambo Muganga. Mimi ni mama wa miaka 46, nauza vitenge katika soko la Virunga, na kutwa nasimama nimevaa malapa. Ni mwezi wa nne sasa kisigino cha kulia kinaniuma. Nikiamka, natembea kwa ncha za vidole kutoka kitandani hadi mlangoni huku nimeshika ukuta. Nikishazoea maumivu hupungua, kisha jioni yanarudi. Nilipigwa radio, yaani picha ya mifupa, nikaambiwa kuna mwiba wa mfupa umeota chini ya kisigino. Nilidungwa sindano, nikapata nafuu ya wiki tano tu. Sasa nimeambiwa nidungwe nyingine, na ikishindikana nipasuliwe ili mwiba ukatwe. Nikubali?
Mama wa Majengo

JIBU: Mama, barua yako imenieleza mengi kuliko ile radio, kwa sababu umetaja saa ambayo maumivu huja. Kisigino kinachouma sana katika hatua za kwanza za asubuhi, au mtu anapoinuka baada ya kukaa, kikalegea akishatembea kidogo na kuuma tena jioni baada ya kusimama kutwa, mara nyingi tatizo lake liko kwenye utando wa unyayo. Huo ni ukanda mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino, ukatandaa hadi kwenye mashina ya vidole na kushikilia upinde wa mguu. Usiku wayo huelekea chini na ukanda hukaa umefupika. Asubuhi unapokanyaga, unavutwa ghafla ukiwa bado umekakamaa, nawe unahisi kama umekanyaga msumari.

Unaweza kujipima mwenyewe. Kaa kitini, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, vuta vidole vyote kuelekea juu kwa mkono mmoja, kisha bonyeza kwa dole gumba la mkono wa pili mahali kisigino kinapoishia na upinde kuanza, upande wa ndani. Ikiwa unaruka kwa maumivu papo hapo, basi umepagusa penyewe. Lakini ikiwa kinachouma zaidi ni kuubana mfupa wa kisigino kutoka pande zote mbili kama unavyobana limau, huenda mfupa wenyewe una ufa, na hapo ndipo picha ina maana.

Kuhusu mwiba, usiogope. Watu wengi wanao bila kuumwa hata siku moja, na wengine wanaumwa vikali bila kuwa nao. Kuukata hakuondoi ugonjwa wa utando, na upasuaji hufikiriwa tu ikiwa tiba ya kweli, iliyofuatwa bila kukatizwa kwa miezi sita hadi kumi na miwili, imeshindwa. Wewe hiyo tiba hujaianza, maana sindano peke yake siihesabu. Kotisoni, dawa ya kutuliza uvimbe inayodungwa kwa sindano hiyo, hutuliza kwa wiki kadhaa, kama ulivyojionea, lakini ikirudiwarudiwa inaweza kuyeyusha mafuta yanayokinga kisigino au hata kuchana utando. Ya pili ningekushauri uikatae kwa sasa.

Anza kesho kabla mguu haujagusa chini. Ukiwa umekaa kitandani, vuta vidole kuelekea kwenye muundi mpaka uhisi ukanda umekaza chini ya wayo, hesabu kumi, achia, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na daima kabla ya kuinuka kwenye kiti chako cha sokoni. Shavu la mguu nalo linyooshwe: simama ukiegemea ukuta kwa mikono, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka, kisigino kimegandamana na sakafu, kwa nusu dakika. Malapa bapa yaache. Tafuta kiatu chenye soli nene na kisigino kilichoinuka kidogo, hata cha mtumba, mradi soli isipinde katikati kama kitambaa ukiikunja. Na pale unaposimama tandika katoni zilizokunjwa mara kadhaa. Chupa ya maji baridi ikiviringishwa chini ya wayo jioni hutuliza. Parasetamoli yafaa siku mbaya. Ibuprofeni usiitumie bila ushauri ikiwa una vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo.

Nafuu huja polepole, kwa miezi, na wengi hupona kabla mwaka haujaisha. Hata hivyo, usingoje ikiwa kisigino kinavimba, kinauma usiku ukiwa umepumzika, una homa, au wayo umekufa ganzi, hasa kama una kisukari au hujawahi kupimwa.

SWALI: Muganga, mimi ni kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Siku tano zilizopita, nikiteremka na mzigo wa viazi, nilikanyaga vibaya kwenye yale mawe meusi ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002 na mguu ukapinda kwa ndani. Usiku ule ule mzee mmoja alinikanda kwa maji ya moto na chumvi, akivuta kwa nguvu. Kifundo kimevimba, kina weusi, lakini nachechemea. Je, nitafute pesa ya radio?

JIBU: Mdogo wangu, kabla ya kutafuta pesa, tumia kidole. Kanuni nitakayokupa ilitungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, hasa ili watu wasipigwe picha bila sababu. Bonyeza mfupa wa nje wa kifundo na ule wa ndani, kwenye ncha na kwenye ukingo wa nyuma, kupanda hadi sentimita sita. Kisha bonyeza ukingo wa nje wa wayo, katikati, penye nundu ya mfupa, na upande wa ndani mbele ya kifundo. Ikiwa mfupa wenyewe unauma popote hapo, au ikiwa hukuweza kukanyaga hatua nne baada ya ajali na hadi leo huwezi, piga radio. Kuchechemea kunahesabiwa kuwa ni kutembea. Ikiwa kinachouma ni nyama laini tu, mbele na chini ya mfupa wa nje, hizo ni kano zilizovutika, yaani ile antorsi tunayoisema sote.

Mzee alitaka kukusaidia, nami simlaumu, ila joto na kukandwa kwa nguvu katika siku mbili au tatu za mwanzo huongeza damu inayovuja ndani, na huo weusi ni sehemu ya bei yake. Sasa funga bendeji inayovutika, isiyobana hadi vidole vikafa ganzi, na ukilala inua mguu juu ya mito. Anza kuuchezesha tangu leo: andika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu. Ukiweza kukanyaga bila maumivu makali, simama kwa mguu huo mmoja karibu na ukuta, nusu dakika, kila siku kwa wiki sita. Kijana anayelipuuza zoezi hili huteguka tena mahali pale pale, na wewe kazi yako ni kusukuma ardhi kwa mguu mmoja.

SWALI: Nilipewa siprofloksasini, dawa ya antibiotiki, kwa ajili ya tumbo. Siku ya nne nikaanza kuumwa nyuma ya kifundo, juu kidogo ya kisigino. Kuna uhusiano?
Mwalimu wa Himbi

JIBU: Upo, Mwalimu. Dawa za jamii hiyo zinaweza kudhoofisha kano ya kisigino hadi ikakatika, hasa kwa aliyepita miaka 60 au anayetumia kotisoni. Usimeze kidonge kingine kabla hujaongea na aliyekuandikia, leo hii, akubadilishie. Usikimbie, wala usipande ngazi kwa haraka. Kisha lala kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, mtu akubane taratibu shavu la mguu: wayo usipojongea hata kidogo, kano imekatika, na unapaswa kufika hospitali siku hiyo hiyo bila kuukanyagia mguu huo.