Majani matatu siyo kitambulisho: nnavyoutambua mkono chuma huku Tanga

Wiki iliyopita nlipeleka wageni Tongoni, kwenye magofu. Wanaonijua wanajua, mimi magofu nayapitia kwa heshima ila haraka haraka, nawaonesha mabaki ya msikiti, nawaonesha yale makaburi ya nguzo, wanapiga picha zao, afu nawavuta pembeni kwenye vichaka vinavyoota juu ya mawe ya matumbawe, maana huko ndo ofisini kwangu.

Sasa kati yao kulikuwa na mama mmoja wa Kimarekani, alishawahi kufundisha baiolojia, mchangamfu kwelikweli. Nimeshika tawi la kwanza tu nimuoneshe, mama karudi nyuma mikono kaipandisha juu, ananiuliza mbona umeligusa hilo? Nikamuelewa palepale. Kwao kuna mmea wa majani matatu unaotambaa kwenye miti na kuta, kundi la Toxicodendron, utomvu wake una mafuta yanaitwa urushioli, ukiyagusa ngozi inawasha na kutoa malengelenge siku nyingi. Watoto wa huko wanakaririshwa tangu wadogo kwamba ukiona majani matatu pita mbali. Na zamani mmea huo wataalamu waliuweka kundi moja na sumaki (siyo ile ya kunasa chuma, nasema miti ile Waingereza wanaita sumac), baadae ndo wakautenga, kwa hiyo mama wa watu hakuwa mjinga, alikuwa anakumbuka shule.

Nkamwambia mama yangu, hiyo mitaa yetu haioti. Huku cha majani matatu cha kukimbia ni upupu, na wenyewe hauwashi kwa majani, unawasha kwa yale manyoya ya maganda yake, mtoto yeyote wa Tanga anakuonesha. Hii nlioshika ni sumaki yetu wenyewe, ndo huo mkono chuma. Nikasugua jani nikampa anuse. Kanusa, kacheka, kalitia kwenye daftari lake, na kuanzia hapo habari ya magofu ikaisha, tukashinda vichakani mpaka jua linakuwa kali. Alipoondoka kaniachia lenzi yake ya kukuzia, afu kaandika mtandaoni maneno mazuri kuhusu mimi ambayo sitayarudia hapa, aibu.

Ila hili ntalisema. Kuna kampuni moja ya utalii, jina silitaji, nliwahi kuifanyia kazi. Bosi aliniambia mbele ya wenzangu kwamba mgeni hajapanda ndege kuja kuangalia majani ya mbuzi. Wenzangu wakacheka. Na mimi nlicheka, nlikuwa na kodi ya chumba. Sasa juzi bosi huyohuyo kanipigia, ananiita mdogo wangu, eti nipite ofisini tuongee. Simu ya pili sijaipokea. Sisemi haya kwa kujisifu. Haya basi, kwa kujisifu kidogo.

Tangu hapo wengi mmeniuliza wasapu, kaka tufundishe na sisi, maana najua mnaosoma hapa wote mnataka siku moja muingie porini mtaje mti kwa jina lake mtu asibishe. Mimi nlianzia Muheza kwa bibi mzaa mama, kuchunga mbuzi. Bibi alikuwa na mswaki wake wa kijiti, na kila akiniona narudi na mbuzi ananituma nikamkatie kipya cha mkono chuma. Naleta tawi nimejiamini, analiangalia, analitupa. "Mume wangu, hili siyo. Umeangalia jani tu. Umenusa?" Narudi tena. Hivyohivyo. Hakuwa ananieleza kosa, alikuwa ananirudisha tu, na siku nlipoleta lenyewe hakusema kitu, aliliweka mdomoni. Watoto wa pale njia ya shule walikuwa wanakula matunda yake, yana uchachu hivi, nyama yenyewe kiduchu mbegu ndo kubwa, ila mtoto hajali. Miaka ya katikati hapo naruka, shule, Dar, kuuza vocha, haina utamu.

Tuingie kazini. Mti wenyewe kisayansi ni Searsia natalensis. Vitabu vingi vya zamani vya miti ya Tanzania vimeuandika Rhus natalensis, usichanganyikiwe, ni uleule, ila wataalamu waliona hizi za Afrika zinatofautiana na Rhus zenyewe wakazihamishia kundi la Searsia, jina la heshima kwa Paul Sears, mwanaikolojia wa Marekani. Huku tunaita mkono chuma, na ukihama kijiji unakuta wana jina lingine, kwa hiyo usikae kubishana na mzee juu ya jina, muombe akupeleke ulipo. Ukoo wake ni wa mwembe, mkorosho na mng'ong'o. Likariri hili kuliko yote, maana ndo linaeleza ile harufu.

Jani lake lina vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja. Cha katikati kinawazidi wenzake kwa ukubwa, na vijani vyenyewe havina vikonyo vyake, vyote vitatu vimekaa palepale kwenye ncha. Ukipitisha kidole ni laini, hamna manyoya. Kingo sasa ndo zinapoteza watu, mara zimenyooka, mara zina mawimbi, mara zina meno machache butu, na unaweza ukayakuta yote hayo kwenye kichaka kimoja. Mtu anapiga picha jani moja lenye meno, kesho anakuta lisilo na meno anasema huu mti mwingine. Ndo maana nasema jani peke yake halitoshi. Majani yanapishana kwenye tawi, hayakai mawili mawili yakitazamana. Kichaka mara nyingi hakizidi mita tatu, matawi yanainama na kuingiliana, ila ukiachwa una uwezo wa kuwa mti wa mita nane. Na baadhi ya matawi mafupi yanaishia na ncha kali ya mwiba, shati langu la kijani linajua.

Harufu: sugua jani. Inakuja harufu ya utomvu, ileile ya jani la mwembe lakini kavu zaidi. Kama hakuna harufu, tulia, usitaje jina bado.

Maana kuna wanaofanana nao, na hawa ndo wamewaaibisha watu. Kuna vichaka vya kundi la Allophylus, huku pwani vimejaa, majani matatu vilevile, na apu za kwenye simu zinavichanganya sana na mkono chuma. Tofauti iko kwenye matunda. Allophylus matunda yake ni ya duara, ya rangi ya chungwa kuelekea nyekundu, yamejipanga kwenye kijiti kimoja chembamba. Mkono chuma matunda yake ni madogo, karibu nusu sentimita, yamebanwa ubavuni na upande mmoja umezidi mwingine, yanakaa kwenye kishada chenye matawi matawi, mabichi ni ya kijani na yakiiva yanaenda wekundu wa kahawia. Ukishaona lile tunda lililopinda hata mara moja, hulisahau.

Mwingine ni Commiphora africana, jamii ya manemane. Huyu ni mgumu kweli kwa sababu ana majani matatu, cha katikati kikubwa, ana ncha za miiba, na ana harufu pia. Angalia gome. La Commiphora linabanduka vipande vyembamba vya karatasi, la mkono chuma ni la kijivu na halikupi karatasi. Halafu kuna Toddalia, huyo ana miiba iliyopinda inayokushika nguo hasa, na jani lake ukiliinua kwenye mwanga lina vidoti vidoti na linanuka ndimu. Ukinusa ndimu, achana nao. Kwa hiyo nusa, angalia gome, tafuta tunda. Narudia, jani peke yake halitoshi.

Ila tunda nalo lina mtego wake, na hili sijaona mtu akilisema mtandaoni kwa Kiswahili. Mkono chuma una dume na jike, miti tofauti. Maua ni madogo sana ya kijani kuelekea njano, mtu anapita hayaoni. Kwa hiyo unaweza kusimama mbele ya kichaka mwaka mzima usione tunda hata moja na ukasema kumbe siyo, kumbe ni dume tu mzee wa watu. Ukikuta hakina tunda, tembea pembeni kidogo utafute mwenzake kabla hujakata tamaa.

Sasa unaota wapi. Uzuri wake hauna maringo, unaanzia usawa wa bahari unapanda mpaka milimani, na ukiacha Tanzania unaukuta toka Ethiopia mpaka Afrika Kusini. Huku kwetu ntakwambia nnapoangalia mimi: vichaka vya juu ya matumbawe nyuma ya mikoko, pembezoni mwa msitu pale mwanga unapoingia, kingo za mito, juu ya vichuguu, na kwenye mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa ambako vichaka vinarudi vyenyewe. Njia ya kwenda Pangani angalia kushoto na kulia. Upande wa Amboni karibu na mapango, mwamba wa chokaa ule, tembea taratibu. Ndani kabisa ya msitu mnene wenye giza sihangaiki, unapenda sehemu yenye jua. Na ukipanda juu Usambara utaanza kukuta ndugu zake wa kundi hilohilo wenye majani ya manyoya, huko ile ya kupitisha kidole inakusaidia, ukigusa manyoya jua umehamia kwa ndugu.

Hapo Amani, hukohuko Usambara, nina neno. Watu wanapanda mpaka Amani kwenye iliyokuwa taasisi ya kilimo iliyoanzishwa na Wajerumani 1902, wanazungushwa kwenye bustani kuoneshwa miti iliyoletwa kutoka nje, wanashangaa, wanashuka. Sina ugomvi na bustani, ni nzuri. Ila njiani kote wamepita miti ya kwao na hakuna aliyeuliza hata mmoja. Sisi tuna hilo, kitu kikitoka mbali ndo kitu.

Na hapohapo ndo linakuja swali la biashara, maana mmeniuliza sana, kaka si tukaushe matunda tuuze sumaki kwenye migahawa? Hapana jamani. Ile sumaki nyekundu ya kunyunyiza kwenye kebabu inatoka kwenye Rhus coriaria, inaota nchi za Mediterania mpaka Iran, matunda yake mekundu ndo yanayokaushwa na kusagwa. Mkono chuma ni ndugu, siyo huyo. Usimuuzie mtu unga wa kichaka ukauita jina la kiungo kingine. Na wale ambao utomvu wa embe unawatoa vipele mdomoni, au mafuta ya ganda la korosho yanawachubua, ukoo ni mmoja huu, msianze kuonja onja porini kisa mmesoma kwangu. Mizizi najua wazee wanachemsha kwa mafua na tumbo, mimi siyo mganga, ukiumwa nenda hospitali.

Vijana wenzangu niwaambie ukweli. Mnataka kujua miti lakini hamtaki kukaa na bibi zenu. Mnataka apu iwajibu. Mnapita kwa mzee shikamoo ya haraka haraka, hamkai, afu mnakuja kunitumia picha ya jani moja lenye ukungu usiku wa manane mnataka jibu. Wengine mnachukua picha zangu mnafuta jina langu, nawaona, kuna mmoja kaitumia picha yangu ya Tongoni kwenye tangazo lake na mkono unaoonekana ni wangu, saa ni yangu. Na wale mnaofyeka kiwanja chote siku ya kwanza mpaka mchanga unabaki mweupe, acheni hata kona moja. Mbuzi atapata cha kula, ndege atapata tunda, na wewe utapata pa kujifunzia bila nauli.

Jumamosi asubuhi naingia vichaka vya njia ya Pangani na wachache. Anayekuja avae suruali ndefu na viatu vya kufunika, abebe maji yake, simu aje nayo imechajiwa kwa picha za gome na tunda, siyo za kujipiga mwenyewe. Mchango ni uleule wa siku zote, unalipwa kabla ya kuondoka stendi, na yule aliyeahidi mara iliyopita kwamba atatuma kwa simu akifika nyumbani, aje kwanza na ya mara iliyopita.