Singida ziwani, Mtera bwawani: kula wapi, kunywa nini

Maswali ya safari hii yametoka zaidi kwa wanaopanga wikendi Singida kwenye maziwa, na kwa wakazi wa Dodoma wanaotafuta samaki, nyama na mvinyo karibu na nyumbani. Bei hatuandiki kwa sababu hubadilika na msimu. Uliza kabla ya kuagiza, na kama ni kwa kilo, uliza ya kilo.

Tunakwenda Singida familia ya watu sita, tunataka kushinda ziwani na kula samaki wa pale pale. Tukae wapi, tuagize nini? (Msomaji, Kisasa)

Nendeni ziwani, lakini agizeni kuku. Singidani na Kindai ni maziwa ya maji ya chumvi. Watu huyafuata zaidi kwa miamba, upepo na ndege kuliko kwa kitoweo. Ukiwekewa samaki mezani mjini Singida, uliza katoka wapi. Ziwa Kitangiri, upande wa Iramba, ni jibu zuri. Akiwa ametoka Mwanza kwenye barafu, si dhambi, ila hukuwa na haja ya kusafiri kilomita 240 kutoka Dodoma kumfuata.

Kuku wa kienyeji ndiye anayeitangaza Singida, na ndiye anayewaudhi wageni wengi, kwa sababu wanamwagiza wakiwa tayari wana njaa. Kuku mkubwa wa kienyeji anataka saa moja hadi moja na nusu ya kuchemka taratibu kabla hajapelekwa kwenye mkaa au mafuta. Akichomwa mbichi moja kwa moja, ngozi inaungua na nyama ya paja inavutika kama mpira. Kwa hiyo pigeni simu mkiwa Manyoni au Ikungi, au mkifika saa nne asubuhi agizeni, lipeni nusu, mwende kwenye miamba, mrudi saa saba. Anayewaambia kuku wa kienyeji atakuwa tayari baada ya dakika ishirini, ama alimchemsha tangu asubuhi, na hapo hakuna ubaya, ama anawauzia wa kisasa. Wa kienyeji utamjua kwa kidari chembamba, mfupa mgumu na mafuta ya njano. Wa kisasa ana kifua kinene cheupe, na mfupa wake unautafuna bila jasho.

Kwa watu sita, kuku wawili wanatosha mkila na wali au ugali, kwani mmoja aliyekwisha kusafishwa ana kilo moja na kidogo. Mkiruhusiwa kuchagua akiwa hai, kwa kuchoma chukueni jogoo kijana ambaye kipi chake mguuni bado kifupi, au mtetea ambaye hajaanza kutaga. Bonyeza ncha ya kidari: ikipinda, ni mchanga. Mtetea mzee msimdharau, supu yake haina mpinzani, ila mpeni saa mbili jikoni.

Kukaa: mchana chagueni sehemu yenye kivuli inayotazama maji. Chakula cha jioni kuleni ndani, hasa Juni hadi Agosti. Singida iko juu ya mita 1,400, na upepo wake unapoza sahani kabla hujamaliza sala ya chakula.

Asali niliyonunua njiani Singida imeganda. Nimeuziwa sukari? (Msomaji, Ipagala)

Si lazima. Asali halisi huganda, na baadhi ya maua huigandisha haraka kuliko mengine. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono unavumilia, itayeyuka. Usiichemshe, utaua harufu. Majaribio ya njiti ya kiberiti na tone kwenye glasi ya maji hayathibitishi kitu. Cha kuogopa ni asali nyepesi kama chai, yenye mapovu juu na harufu ya uchachu: hiyo ilirinwa mbichi, ina maji mengi, na mfuniko utakuja kuruka wenyewe kabatini.

Samaki wa Mtera wanafaa safari ya siku moja kutoka Dodoma? Na nitawafikishaje nyumbani wakiwa wazima? (Msomaji, Area C)

Wanafaa, mradi uondoke mapema. Bwawa liko kama kilomita 120 kusini, na barabara ya Iringa inapita juu ya ukuta wake. Samaki wa kufuata ni perege, kisha kambale. Ukifika kabla ya saa tano asubuhi unachagua. Ukifika saa tisa unachaguliwa.

Kosa la kwanza ni kununua aliyekwisha kukaangwa na kupangwa kwenye sinia. Huyo huenda alikaangwa asubuhi, na ukiagiza anatumbukizwa tena kwenye mafuta yale yale ili apate moto. Anatoka mkavu, mgumu kwenye mapezi, na mafuta yanakwaruza koo. Omba mbichi, umchague mwenyewe: matamvua mekundu, jicho lililojaa lisilo na ukungu, na nyama inayorudi ukiibonyeza. Perege wa gramu 400 hivi anamtosha mtu mmoja. Achanjwe mistari mitatu kila upande hadi karibu na mfupa, apakwe chumvi na limau, akae dakika kumi, afutwe maji, ndipo aingie kwenye mafuta. Moto uwe wa kati, dakika kumi hadi kumi na tano. Moto mkali unachoma ngozi ikawa nyeusi huku damu ikiwa bado mgongoni. Na asiyefutwa maji hurusha mafuta na kung'ang'ania kikaango.

Kabla ya kuagiza tazama sufuria. Mafuta meusi yenye povu linalokaa juu yamechoka. Nenda kibanda kinachofuata, hakuna atakayekununia.

Kambale wa kukaanga hatumpendekezi kwa mgeni, maana anabaki na harufu ya tope. Mwagize wa mchuzi, au nunua aliyekaushwa kwa moshi. Huyo wa moshi mvunje karibu na kichwa: pakiwa na unyevu ndani au vijidudu, muache.

Kubeba wabichi: watolewe matumbo na matamvua pale pale, kisha uwapange kwenye kasha la kuhifadhia baridi, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, tabaka kwa tabaka, na tundu la kutolea maji likiwa wazi. Samaki anayeogelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka anaharibika haraka kuliko aliye juu yake. Waliokaangwa waache wazi nusu saa wapoe kabisa, wafunge kwenye karatasi, uwaweke kwenye kapu. Ukiwafungia wa moto kwenye ndoo yenye mfuniko, mvuke unawalainisha, na ukifika Dodoma wameshaanza kunuka.

Sisi ni Waislamu. Bar za nyama choma Dodoma nyingi zina kiti moto, yaani nyama ya nguruwe. Tunakulaje bila wasiwasi? (Msomaji, Chang'ombe)

Kuuliza "mnauza kiti moto?" hakutoshi. Uliza kama kinachomwa jiko moja na mbuzi, na kama kisu na gogo la kukatia ni vya pamoja. Penye heshima zao utakuta mabanda mawili, majiko mawili na wachomaji wawili. Pakiwa na jiko moja, kula chipsi pia si salama, kwa kuwa mafuta yanazunguka. Rahisi zaidi ni kutafuta hoteli isiyouza pombe. Dodoma mjini zipo nyingi, na Kondoa ndizo za kawaida.

Chai ya hotelini ina ladha ya chumvichumvi, na Singida nimesikia maji yanaharibu meno. Ninywe nini? (Msomaji, Ilazo)

Haya ni mambo mawili, usiyachanganye. Maji ya Dodoma kwa sehemu kubwa hutoka visima virefu vya Makutupora na ni mazito, yana madini mengi. Ndiyo maana birika linashika ukoko mweupe, sabuni haitoi povu, na chai ya rangi inapoteza ladha. Hayo hayakudhuru. Agiza chai ya maziwa au ya tangawizi, ladha inafunikwa.

Singida ni madini ya floridi, ambayo katika visima vya baadhi ya maeneo imezidi kiwango, na ndiyo inayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto wanaoyanywa miaka mingi. Mgeni wa siku mbili hapati madhara hayo. Ila jua hili: kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, floridi inabaki ile ile katika maji machache zaidi. Mwenye mtoto mchanga anayekaa wiki kadhaa amkorogee uji na maziwa kwa maji ya chupa.

Jumamosi nataka kuwapeleka wageni Msalato kwenye mnada. Tutapunjwa? (Msomaji, Nkuhungu)

Mkienda mikono mitupu na kuagiza "nyama ya watu wanane", ndiyo. Mnadani nyama inanunuliwa mbichi, kwa kilo, ikiwa imening'inia. Pita mabanda mawili matatu kwanza. Chagua kipande, simama mbele ya mzani uone unaanza sifuri, lipa, kisha ifuate nyama yako kwa macho hadi jikoni. Jiko ni la wote, na mbavu za watu wawili zikikaa jirani hufahamiana. Mchomaji mzuri ataweka alama, kijiti au mkato wa aina fulani. Mwombe aweke.

Kiasi: kilo moja yenye mifupa kwa watu wazima wawili, au watatu kama kuna ugali na ndizi. Ikiiva hupungua robo hadi theluthi, kwa hiyo usishangae sinia likionekana dogo kuliko ulichopima. Wanane chukueni kilo tatu na nusu za mbuzi, zaidi mbavu na bega, kwa sababu paja tupu linakauka. Mpe mchomaji dakika 45 hadi saa nzima. Ukimharakisha atasogeza nyama kwenye mwali, nje iungue, ndani ibaki damu. Chumvi na iwe ya maji, inyunyizwe kuelekea mwisho, maana ikiwekwa mapema na kwa wingi inakamua nyama majimaji yake.

Kachumbari ikatwe mbele yenu. Ya tangu asubuhi iliyokaa kwenye ndoo na vumbi lile ndiyo inayoleta kesi za tumbo za Jumapili, si mbuzi. Bebeni na maji ya kunawa. Fikeni kati ya saa sita na saa nane, kwani baada ya saa kumi inayobaki ni ile waliyoikataa wenzenu.

Mvinyo wa Dodoma: upi wa kumpa mgeni, na mbona mwingine una ladha ya siki? (Msomaji, Mlimwa)

Kwanza muulize mgeni kama anataka mtamu au mkavu, maana hapo ndipo chupa nyingi zinapofunguliwa na kuachwa. Mkavu hauna sukari ya kuhisi. Asiyeuzoea atasema umeharibika, kumbe ndivyo ulivyo. Kwa mbuzi choma mpe mwekundu mkavu, ikiwezekana wa zabibu aina ya Makutupora. Kwa samaki na kuku mpe mweupe wa Chenin Blanc. Mtamu mwekundu ni wa baada ya chakula, na usome asilimia kwenye lebo: wa kawaida ni 11 hadi 14, ulioongezewa pombe huanzia 15 hivi, na utamu wake unaficha nguvu. Wanaochanganya mwekundu mkavu na soda hatuwagombezi, lakini basi wanunue wa bei ya chini.

Siki inatokana na hewa na joto. Chupa iliyokaa dirishani dukani, kwenye jua la Dodoma, inapikika, na kizibo kinaachia hewa. Chagua iliyo rafu ya ndani, ambayo mvinyo haujavuja shingoni. Mwekundu uweke kwenye friji dakika ishirini au thelathini kabla ya kumimina, kwa sababu joto la chumba linalosemwa vitabuni si la chumba cha Dodoma mwezi Novemba. Mweupe upoe kabisa. Uliofunguliwa ufunge, urudi friji, na uishe ndani ya siku tatu hadi tano. Baani, ukiagiza glasi, uliza chupa ilifunguliwa lini. Na ule unaouzwa kwenye chupa za maji bila lebo, ladha ya siki ni tatizo lake dogo.

Zabibu za kula huwa nyingi kuelekea Machi, na tena karibu na Agosti na Septemba. Tazama kikonyo: kikiwa kibichi zimechumwa jana au leo, kikiwa cheusi kikavu zimezunguka. Zioshe kwa maji mengi, zinapuliziwa dawa.

Mgeni wangu wa Bukoba anataka chakula cha Kigogo chenyewe. Hotelini nimekuta mlenda na sembe. (Msomaji, Kikuyu)

Umekuta nusu. Mlenda unataka ugali wa uwele au wa mtama. Watafute mama lishe wa sokoni Majengo au Sabasaba, saa sita hadi saa nane mchana, na upite siku moja kabla kuuliza nani atasonga, kwa sababu si kila siku wanasonga. Ugali wa uwele una rangi ya kijivu na harufu ya nafaka. Ukiwa na uchungu unaobaki ulimini, unga ulikaa sana. Uwele una mafuta, na unga wake huchacha ndani ya wiki chache, tofauti na sembe. Omba mlenda wa unga, ule wa majani yaliyokaushwa na kutwangwa, uliotiwa karanga. Uliwe wa moto, kwa sababu ukipoa unaganda. Na mwambie mgeni aache uma: tonge linabonyezwa katikati kwa kidole gumba, linachota, linazungushwa mara moja kukata utelezi, ndipo linapanda mdomoni. Shati jeupe alivae siku nyingine.