Saini zimetimia, mbona kura hakuna?

Suali: Mwanangu yuko Arkansas, Marekani. Ananambia kule wananchi wakikusanya saini, jambo lao hupigiwa kura bila ya kupita bungeni. Lakini mwaka 2024 saini zilitimia, na bado zikakataliwa. Inakuwaje? *Mama wa Mkoani, Pemba*

Jibu: Mama, iliyokosekana ni karatasi. Kubadilisha katiba ya Arkansas kwa njia hiyo kunataka saini zilingane na asilimia 10 ya kura zilizopigwa kumchagua gavana; mwaka ule zilitakiwa 90,704. Waliotaka kubadilisha kifungu cha utoaji mimba walipeleka zaidi ya 101,000. Kati ya hizo, zaidi ya 14,000 zilikusanywa na watu wa kulipwa. Sheria inamtaka mdhamini wa ombi, yaani anayeliongoza, atie saini tamko kwamba kila mkusanyaji wa kulipwa amepewa kitabu cha mwongozo na ameelezwa sheria. Msimamizi wa uchaguzi alisema tamko halikuwasilishwa ipasavyo, fungu lile likatolewa lote. Zikabaki 87,000 na ushei, za waliojitolea. Tarehe 22 Agosti Mahakama ya Juu ya jimbo ikaukubali uamuzi huo, majaji 4 kwa 3.

Kuzuia kughushi ni haki kabisa. Oregon, kwa mfano, tangu 2002 imekataza kumlipa mkusanyaji kwa idadi ya saini, kwa kuwa anayelipwa kwa kila jina hushawishika kubuni majina. Kukataza malipo yote ndiko kulikokataliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1988, katika kesi iliyotoka Colorado. Lakini kumfutia raia saini yake ya kweli kwa kosa la karani asiyemjua ni dhulma, na sisi hatuoni jina jengine la kuipa. Sheria za kubana muda nazo huumiza: mwaka 2025 Florida ilipunguza siku za kufikisha fomu iliyotiwa saini kutoka 30 hadi 10.

Mwambie mwanao: kama si mpiga kura aliyeandikishwa, asitie saini. Mke asimtilie mume, na mkusanyaji ashuhudie kwa macho yake kila saini ikitiwa.

Suali: Na sisi Zanzibar tunaweza? *Msomaji, Wete*

Jibu: Hapana. Kura ya maoni ya 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 waliikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ilianzia Baraza la Wawakilishi, si kwa saini za wananchi. Jirani zetu Kenya wanayo njia ya kuanzia kwa saini, ingawa hupita bungeni pia: Ibara ya 257 ya katiba yao inataka saini milioni 1 za wapiga kura, kisha mabaraza ya kaunti zaidi ya nusu ya zile 47 yakubali, ndipo mswada uende bungeni.

Saini mtakazokusanya shehia kwa shehia zitakuwa ombi kwa mwakilishi wenu, basi. Hata hivyo lifanyeni vizuri. Maneno ya ombi yaandikwe juu ya kila karatasi, si ya kwanza tu. Karatasi ya kwanza ikibadilishwa, majina yenu yatakuwa yameunga mkono jambo jengine. Kila mstari uwe na majina matatu, shehia, tarehe, na saini au dole gumba. Asiyejua kusoma asomewe kwanza, na aliyemsomea aandike jina lake pembeni. Toeni nakala, na siku ya kupeleka msiondoke mpaka nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.