Maswali ya Wasomaji: Baridi ya Mlimani na Nguo Zilizolowa

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi wa kumi 2019, kabla ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, tulitoka Bukavu walimu watano tukaenda kupanda Nyiragongo, mlima wa volkano ulio karibu na Goma. Mvua ilitukuta njiani, na tulipofika ukingoni mwa kreta mwenzetu mmoja alitetemeka hata akashindwa kufunga vifungo vya koti lake. Sasa tumechanga pesa ili mwezi wa saba tupande Kilimanjaro. Je, tununue makoti mazito zaidi? Na je, Nyiragongo imetuzoesha vya kutosha?
Mama mwalimu, Ibanda, Bukavu

JIBU: Mama Mwalimu, poleni kwa yaliyowapata. Siku ile hamkukosa koti zito. Ukingo wa Nyiragongo uko mita 3,470 juu ya usawa wa bahari, karibu mita 2,000 juu ya Goma, na kwa kuwa hewa hupoa takriban digrii 6 kwa kila mita 1,000, baridi ya huko mtu mkavu huivumilia kwa sweta nzuri na kofia. Kilichomwangusha mwenzenu ni maji: mvua ya nje na jasho la ndani, kwani njia ya kutoka Kibati, chini ya mlima, ni kali, mtu hulowa mgongo mzima, kisha anasimama ukingoni penye upepo na nguo mbichi inamnyonya joto. Pamba ndiyo mbaya kuliko zote, na jinzi ikishalowa haikauki hadi kesho yake. Vidole vinaposhindwa na kifungo, baridi imekwisha kuingia mwilini. Mtu huyo avuliwe nguo mbichi, avalishwe kavu, afunikwe, apewe chai ya moto yenye sukari, wala asiachwe peke yake.

Kwa hiyo kila mmoja wenu afunge fulana, suruali, soksi na sweta katika mfuko wa plastiki, na mfuko huo usifunguliwe njiani hata mvua iwe kubwa namna gani, mpaka mfike mahali pa kulala. Asubuhi mtavaa tena zile mbichi za jana. Ni adha kubwa, nakubali, lakini ndiyo inayowahakikishia usiku mkavu. Sweta za sufu tafuteni kwenye mitumba ya Kadutu. Pesa wekeni kwenye koti la mvua lisilopenya maji na viatu mtakavyovitembelea wiki kadhaa kabla ya safari.

Mwezi wa saba mmechagua vema, kwa sababu masika ya Kilimanjaro huwa yamekwisha.

Kuhusu mazoea, hapana. Mwili husahau hewa nyepesi baada ya wiki chache, na ukingo mlioufikia ni wa chini kuliko Horombo, mita 3,720, ambako wapandaji wa njia ya Marangu hulala usiku wa pili tu, kilele cha Uhuru kikiwa bado juu kwenye mita 5,895. Lipieni siku sita badala ya tano, na siku ya ziada mkae Horombo. Usiku wa kwenda kileleni chupa ya maji iwekeni mdomo chini, kwani barafu huanzia juu. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida; anayeyumba kama mlevi au kuhema akiwa ameketi ateremshwe saa ileile, hata kama kilele kinaonekana.

Na yule mwenzenu aliyetetemeka msimwache nyuma ya msafara: atembee mbele, karibu na kiongozi, nanyi wengine mfuate mwendo wake.