Jibu: Vipepeo wanaruka kabla sijawapiga picha

Salamu mkuu. Nimekuelewa hivi: uko likizo ugenini, unatoka na kamera saa sita mchana, vipepeo wanaruka kabla hujawakaribia, na wachache unaowapata bawa moja linaonekana vizuri, jingine ukungu.

Kabla hujailaumu kamera, badilisha saa. Kipepeo haruki vizuri mpaka misuli yake ipate joto, kwa wengi karibu nyuzi 30, ndiyo maana asubuhi hutandaza mabawa juani na kutulia. Mchana ameshapata moto, humuwezi. Mimi hutoka jua likianza tu kugusa majani.

Kivuli chako kisimpitie, na usogee taratibu ukiwa umeinama. Pia tafuta tope la kando ya mto au dimbwi: madume hushuka hapo kufyonza chumvichumvi, na wakishakolea kunywa unaweza hata kulala kifudifudi karibu nao. Hapo ndipo nimepata picha zangu nzuri kuliko zote nilizopiga kwenye maua.

Huo ukungu: lenzi iangalie mabawa moja kwa moja, siyo kwa mshazari. Weka f/8 (tundu la lenzi liwe dogo kiasi), kasi ya shata, yaani muda wa kufunguka kwa kamera, 1/500 ya sekunde au kasi zaidi, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ipande. Kwa simu, piga ukiwa mbali kidogo, utaikata kingo picha baadaye.

Upande wa chini wa mabawa usiache kuupiga picha, hasa kwa wale wadogo wa buluu. Bila huo hata wajuzi mara nyingi hushindwa kukutajia jina. Wavu usiubebe kabisa. Nchi nyingi zina spishi zinazolindwa kisheria.